Kompyuta ya Kupakata

Mchora ramani mmoja wa majengo alitaka kompyuta ya kuchorea ndani ya meli ya kwenda kisiwani, Nansio, maana zahanati anayoichora itajengwa huko. Dukani kwa Khalidi, Nyamagana, hakuuliza kasi wala ukubwa wa kioo. Kila aliyopewa aliipakata, akayatikisa magoti polepole kama meli, kisha vidole vyake vyenye madoa ya wino vikachora mlango kwenye kioo. Mkono wa kushoto uliizunguka, kiwiko kimeinuka kidogo.

“Mzee, mbona unaipakata kama mtoto?” Khalidi alimtania.

“Melini sijui kupakata vingine,” alisema bila kuinua macho. “Wangu nilimpakata hivi, tukimleta hospitali hapa Mwanza. Meli ilipofika gatini hakumhitaji tena daktari.”

Akaurudia ule mlango, akaupanua ili machela ipite.