Mama Sellah na Nyumba Iliyotaka Moshi

Siku Jairus alipomwona Mama Sellah kwa mara ya kwanza, hakuona uso. Aliona visigino viwili vimetokeza mlangoni mwa nyumba ya udongo, na akasikia wimbo wa kanisani ukiimbwa kwa sauti ya chini. Ilikuwa Januari ya mwaka 2003, wiki yake ya kwanza ya kazi ya kutunza kiwanja katika makumbusho madogo nje ya Kitale, upande wa barabara iendayo Bungoma. Mama huyo alikuwa amepiga magoti akisiriba sakafu kwa mavi ya ng'ombe na majivu, mikono imezama hadi viwiko.

"Wewe mrefu," akasema bila kugeuka, "unanizibia mwangaza. Kama huna kazi, leta maji. Kama uko na kazi, leta maji kwanza."

Jairus akaleta maji. Alikuwa na miaka thelathini na minane na haya ya kuzaliwa nayo. Hata sokoni alinunua kwa kuonyesha kidole. Mama Sellah, mjane wa kijiji cha Lugulu, alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili, kwa hiyo wakapatana.

Nyumba ile ilikuwa roho ya makumbusho: nyumba ya duara ya Kibukusu, yenye viti vya magogo, vibuyu, ngoma na mirija ya kunywea pombe ya busaa. Haikuwa na taa wala feni. Jua la saa nane likiwaka nje, mgeni aliyeingia alishusha pumzi kama aliyepewa maji. Mwaka uliofuata Jairus alikata nyasi bondeni mwa kiwanja akaiezeka upya, na zilizobaki akaezekea kibanda chake cha majembe. Kila asubuhi Mama Sellah aliwasha moto mdogo ndani ya nyumba kwa matawi yaliyoanguka yenyewe. Moshi ulipanda kwenye paa, majivu yakarudi sakafuni. Hakuna kilichonunuliwa, hakuna kilichotupwa, na hakuna aliyeiita hiyo elimu. Ilikuwa kazi tu.

Mwaka 2005 akaja msimamizi mpya, Bwana Hamdun, mtu wa mjini karibu na msikiti, mpole na msafi wa maneno. Aliwahi kuona nyumba ya nyasi ikiteketea, na hofu ile haikumtoka. Siku yake ya tatu akasimama mlangoni.

"Mama, samahani. Hapa si jikoni, hapa ni makumbusho. Kuanzia leo sitaki moto popote katika kiwanja hiki."

"Na nyumba bila moto ni nini, Bwana Hamdun? Si hiyo ni kaburi iko na mlango?"

Bwana Hamdun akacheka, lakini moto ukazimwa.

Haukupita muda mrefu, wadudu wakaingia kwenye nyasi na fito. Vumbi jeupe likawa linaanguka juu ya ngoma kama unga kinuni. Ikapulizwa dawa, wageni wakapiga chafya, walimu wakawazuia wanafunzi kuingia. Mwaka wa pili kamati yenye makumbusho ikatuma habari kwamba itakuja Ijumaa kutoka Bungoma kuamua: nyasi zing'olewe, yaje mabati, na sakafu iwe ya saruji. Na saruji haihitaji mtu wa kuisiriba.

Mama Sellah akamfuata Jairus kwenye kibanda chake.

"Wewe ndio ulikata nyasi. Wewe ndio ulifunga. Ijumaa utasema?"

Jairus akatazama jembe.

"Ati unauliza jembe? Jembe haitasema, bana."

"Mama, mbele ya wakubwa ulimi wangu unakufa."

"Basi nitasema mimi, na watasema huyu mama anatetea ugali yake."

Alipoondoka, Jairus akainua macho. Paa la kibanda lilikuwa jeusi kwa masizi, kwa sababu tangu moto ukatazwe yeye alikuwa akichemsha chai humo kwa siri. Akachomoa nyasi kiganja kimoja. Zilikuwa ngumu, hazina tundu hata moja. Nyasi zile zile, za wiki ile ile; tofauti ilikuwa moshi tu. Lakini kuzionyesha kulikuwa kukiri, na kukiri kungeweza kumpeleka nyumbani bila kazi.

Ijumaa, kamati ikiwa imeketi chini ya mwenyekiti wake, Mzee Walubengo, mstaafu wa serikali, Jairus akaingia na vicha viwili akaviweka mezani. Kimoja kikabomoka juu ya karatasi.

"Hii ni ya nyumba. Hii ni ya... ya kwangu."

"Kwako wapi?" akauliza Bwana Hamdun.

"Kibandani. Mimi huchemsha chai."

"Tangu lini?"

"Tangu ukataze."

Mzee Walubengo akacheka mpaka akavua miwani. "Hamdun, huyu mtu amekuvunjia sheria, na amekuokolea nyumba!"

Bwana Hamdun hakucheka. Akakinusa kile kicha kizima, akakinusa tena. Mwishowe akasema, na kamati ikakubali, mabati yaachwe na moto urudi, Jumatatu na Alhamisi asubuhi, uwe mdogo, ndoo mbili za mchanga ziwe karibu, na mtu asiondoke mpaka majivu yapoe. "Na wewe Jairus, chai utachemshia kwenye moto huo huo, nikikuona."

Miaka iliyofuata ndiyo Jairus huitamani mpaka leo. Asubuhi mbili kila wiki walikaa watatu kuzunguka moto mdogo, Mama Sellah akimcheka Bwana Hamdun jinsi alivyoikumbatia ndoo ya mchanga kama mtoto mchanga. Wanafunzi walitoka humo wakinukia moshi, wakinusana mikono.

Mwaka 2009 miguu ya Mama Sellah ikakataa, akarudi Lugulu. Jairus alimwachia Bwana Hamdun ndoo na kiberiti asubuhi moja, akaenda kumwona. Binti wa mama huyo, Fridah, akampa chai. Mama Sellah alikuwa amelala, amepungua sana. Kisha akafumbua macho akauliza ni siku gani.

"Alhamisi, Mama."

Akajiinua kwa kiwiko. Aliyoyasema hapo ndiyo ya mwisho Jairus kuyasikia kinywani mwake.

"Alhamisi! Na wewe umekaa hapa kumaliza chai yangu? Toka, mwanangu. Enda uwashe."