Siku Nilipomfunza Mkwe Wangu Kutoogopa Kufa

Naandika haya huku uso umeniwaka, maana hadi leo nikipita Kisauni mtaa wa kina Zuhura, kuna bibi mmoja muuza mbaazi huniuliza, "Leo umekuja kumzika nani?" na mimi hukaza mwendo, kwa kuwa siku ile hata yeye aliziacha mbaazi zake motoni akaja mbio kulia.

Ilikuwa mwaka wa mwisho kabla ya uhuru. Kazi yangu ilikuwa kupaka rangi mapipa ya mafuta huko Changamwe, shule niliiacha darasa la saba, lakini kichwani (Mungu anisamehe) nilijiona profesa. Karani mmoja aliyerudi kwao aliniachia kitabu kisicho na jalada, chenye habari za wenye hekima wa Kiyunani wa zamani, ambao kila asubuhi walijifikirisha mabaya yote yanayoweza kuwapata, ili yakija yawakute wameshajuana nayo. Nikamwonyesha rafiki yangu Katana, dresa wa zahanati, mfunga vidonda, naye akacheka, akasema huko Ulaya alikokwenda kusoma aliona madaktari wakitibu watu wenye hofu kwa mazungumzo tu, bila sindano. "Mtu aitamke hofu yake mwenyewe," akaniambia, "kisha aiulize, ushahidi wako uko wapi? Lakini pole pole, Athmani, na kwa mtu aliyetaka."

Hayo maneno ya mwisho niliyasikia vizuri sana. Niliyapuuza tu.

Nilianza na nafsi yangu. Kila asubuhi nilijiambia, leo huenda rangi ikanimwagikia, leo huenda msimamizi akanitukana, na kweli siku moja vyote viwili vikatokea kwa pamoja, nami nikasimama pale mwekundu kama pilipili nikicheka, nikajua dawa nimeipata.

Sasa Mzee Shee, babake Zuhura, mchumba wangu, alikuwa na ngiri. Daktari alishasema apasuliwe upesi, la sivyo itamuua, na mzee kakataa katakata kwenda hospitali. Zuhura alinitumia salamu kwa shangazi yangu: baba hasikii la mtu, tutampoteza hivi hivi. Nikaazimia kumwokoa mkwe wangu kwa hekima ya Wayunani.

Nikaenda alasiri. Mzee yu kitandani, chumba kimejaa wazee waliokuja kumjulia hali, na nyuma ya pazia wanawake na Bi Mwanaisha, mamake Zuhura. Nikampa mkono, "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu." Hapo mtu mwenye akili husema pole, utapona inshallah, akaweka machungwa, akanyamaza. Mimi nikavuta kigoda.

"Mzee, mwaogopa nini hasa?"

"Kisu. Wakishakulaza, nani ajuaye kama utaamka?"

"Basi itamkeni hofu yenyewe. Semeni nami: huenda nikafa."

"Ati?"

"Huenda nikafa. Semeni tu, mzee, kisha tutaiuliza ushahidi."

Wazee wakatazamana. Mzee Shee, kwa adabu yake (au kwa kuduwaa, sijui), akasema polepole, "Huenda... nikafa." Mimi nikafurahi, nikaona mwanafunzi anaelewa, nikamwambia, "Kwa sauti, mzee! Itoeni yote!"

Akaitoa yote. "Nitakufa! Mimi Shee nitakufa!"

Nyuma ya pazia ukapigwa ukemi mmoja, wallahi, hadi leo nausikia. Jirani akaupokea, na wa pili akaupokea kwake, mtaa mzima ukalia, na kabla sijainuka kigodani waliokuwa msikitini wakifanya udhu walikwisha kulibeba jeneza la msikiti, hao mlangoni.

Mzee Shee akainuka, akajifunga shuka, akatoka barazani. "Nani amekufa?"

Wabebaji wakaduwaa. Mmoja akajibu, "Wewe, mzee."

"Mbona mimi sijaarifiwa?"

Bi Mwanaisha akatoka na kidole kimeninyookea. "Huyu! Huyu ndiye aliyemfundisha mgonjwa kujiapiza! Umeniletea uchuro nyumbani! Toka, na posa yako uje uichukue!"

Nami, mwanafunzi wa Wayunani wasioyumba, nikaketi mchangani mbele ya halaiki nzima nikalia hadi mkono wa kanzu ukalowa.

Mzee hakunitazama. Alikuwa akiwatazama wale watu, na lile jeneza. "Nyote mumekuja kunizika mimi?"

"Tumekuja, mzee."

"Hata wewe Mbwana? Tulionuniana tangu Ramadhani?"

"Hata mimi," akasema Mbwana, akitazama chini.

Mzee akaligusa jeneza kwa kiganja. "Kumbe sikuwa nikiogopa kisu," akasema. "Nilikuwa nikiogopa kuondoka pasi na mtu." Kisha akanigeukia. "Kesho utanipeleka hospitali. Na hicho kinywa chako ukifunge."

Nikakifunga. Kesho yake nilikaa kwenye benchi na mfuko wa machungwa magotini tangu asubuhi hadi adhuhuri, Bi Mwanaisha yuko ncha ya pili, hatuangaliani. Nilijaribu kujifikirisha mabaya yote kama Wayunani, nikayafikiria yote vizuri, na hofu haikupungua hata chembe, kwa kuwa yule mzee nampenda.

Nesi akatoka. "Ameamka. Anaulizia uji."

Nililia tena. Bi Mwanaisha akasogea, akanipa upindo wa leso yake nijipanguse. "Haya, sema basi. Nakuruhusu."

"Pole, mama."

"Hilo ndilo ulilotakiwa useme jana."

Posa haikurudishwa, na kitabu ninacho bado, nakisoma na kukipenda. Lakini nimeapa, wenzangu, kwamba hekima yake nitainywa mwenyewe. Kwa mgonjwa nitaingia na machungwa, nitasema pole, kisha nitakaa naye, na akitaka kunieleza anachokiogopa, atanieleza mwenyewe.