Mguu wa Binti wa Fundi Vioo

Gari lile likiondoka, hujui kama limeondoka. Unaona tu ukuta wa karakana unarudi nyuma, halafu lango, halafu mti wa kivuli pale nje, na wewe umekaa vilevile, mkono juu ya goti, kama mtu aliyesinzia kwenye kiti cha kinyozi na mji ukaamua kumpita. Mara ya kwanza nilipolipanda nilimuuliza dereva kama ameshawasha. Alicheka bila kufungua mdomo. Tulikuwa tumeshaingia barabara ya lami.

Wenzake kazini walimwita Usingizi. Hakuwa mvivu hata kidogo. Jina lilitokana na uso wake anaposhika usukani: macho wazi, yametulia, na tabasamu dogo lisilomhusu mtu yeyote mle ndani. Ni mwanamke wa makamo, mnene kiasi, anayevua viatu kabla ya kuendesha na kuvipanga chini ya kiti, kisigino kwa kisigino. Kazi yake ilikuwa na jina ambalo sijalisikia kwingine, nami nimezurura katika karakana za miji mingi nikiuliza maswali kwa lugha kadhaa, nyingine nikizivunjavunja. Aliajiriwa kuwa "dereva wa kawaida", ndivyo kazi yenyewe ilivyoitwa.

Karakana ile, ambayo zamani ilikuwa ghala la magodoro, ilikuwa inaunda gari dogo la umeme la watu wa kila siku: mwalimu, muuza duka, nesi, baba mwenye watoto wawili na kikapu cha mboga. Mhandisi aliyelibuni, kijana mrefu aliyepinda mabega kwa kuingia na kutoka katika vitu vidogo kuliko yeye, hakutaka lijaribiwe na dereva hodari. Alisema dereva hodari hulisaidia gari bila mwenyewe kujua, na kasoro zake zinafichika. Alitaka mtu mwenye leseni na akili timamu, asiyejua lolote kuhusu betri, aendeshe njia ileile kila siku: sokoni, shuleni, hospitali, juu ya kilima na kurudi. Siku moja akamwona mwanamke anashusha vioo vya madirisha ya ofisi kutoka kwenye pikapu iliyochakaa. Akamuuliza anajua nini kuhusu magari ya umeme. Mwanamke akasema hajui hata kwa nini balbu inawaka. Akapata kazi palepale.

Mimi nilikuwa mpangaji kwa dada yake, chumba cha uani, ndiyo maana nilipata lifti. Asubuhi zile zimebaki kichwani mwangu kama kitu nilichokiona chini ya maji. Gari halingurumi, kwa hiyo mji wote unaingia ndani: ufagio barazani, mfuniko wa sufuria, mtoto anayekariri hesabu za kuzidisha, redio moja inayohama nyumba hadi nyumba kana kwamba inatusindikiza. Vivuli vya nguo zilizoanikwa vinapanda juu ya boneti, vinapita kwenye kioo, vinatupapasa usoni, vinaondoka. Usingizi anainua mguu mbali kabla ya taa nyekundu, na gari linateleza, linapungua, linapungua, mpaka taa inabadilika nasi bado tunaenda. Alikuwa akianza kusema jambo karibu na soko na kulimalizia hospitalini. Aliniambia kwamba akiwa ndani ya gari hilo humuona marehemu baba yake. Hakumaanisha mzuka. Alimaanisha mtu aliyekaa kiti cha nyuma na hataki kusumbua. Aliniambia pia kwamba hajawahi kuwa na kazi aliyoipenda hivi. Hilo alilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala.

Kule karakana, furaha ilikuwa ya aina nyingine. Gari likichajiwa Jumatatu asubuhi lilikuwa linafika Jumamosi bado lina uhai. Mhandisi alirudia jaribio wiki baada ya wiki na jibu halikubadilika. Fundi umeme, kijana mwenye mdomo usiopumzika, akalipa gari jina la Wiki Nzima, na kila asubuhi alikuwa akiuliza kama Bwana Wiki Nzima ameamkaje. Likaamuliwa kwamba ukuta unaotazama barabara uandikwe kwa herufi kubwa: WIKI NZIMA KWA CHAJI MOJA. Mchora mabango akaitwa. Watu wangenunua kwa ajili ya maneno hayo, na wangepanga safari zao kwa kuyaamini.

Wa kwanza kuyaamini alikuwa dada mtu. Huyu ni mkunga, na wateja wake wengi wako ng'ambo ya kilima, kwenye mitaa ambayo usafiri hufika unapojisikia. Ni mama asiye na subira hata na chai. Huinywa amesimama, mkoba begani, huku anauliza nani kachukua funguo. Alikuwa amejiandikisha kuwa mnunuzi wa kwanza kabla gari halijapata milango. Mhandisi, kwa heshima tu na wala si kwa majaribio, akampa gari lenyewe alitumie wiki moja, ajionee, wakati mchoraji anaupaka ukuta rangi ya msingi.

Nilipanda naye Jumatatu, nikamaliza safari nimeshika dashibodi. Watu bado husema "kanyaga mafuta" hata kwa gari lisilo na tone la mafuta, na yeye alikanyaga. Akiona nafasi anaruka ndani yake. Akiona taa nyekundu anaifuata kwa kasi ileile, kana kwamba atabishana nayo, kisha anakanyaga breki na mkoba wake wa vifaa unahama kutoka kiti hadi sakafuni. Njiani alizungumza na wenye baiskeli, wenye malori na kuku mmoja, wote akiwajulisha kwamba kuna mtu anasubiri. Si kwamba aliendesha vibaya. Aliendesha kama watu wote wenye haraka ya kweli, na katika miji yote niliyoishi hao ndio wengi.

Jumatano, nikiwa naye tena, katikati ya kilima, Wiki Nzima aliishiwa chaji. Hakukuwa na kishindo. Gari lilipunguza mwendo kwa adabu, kama mgeni anayetafuta namna ya kuaga, likasogea pembeni na kunyamaza mbele ya mlango wa fundi cherehani, ambaye alituangalia, akakata uzi kwa meno, akaendelea kushona. Dada alibonyeza kila kilichoweza kubonyezwa. Kisha akampigia mdogo wake simu.

Usingizi alifika na fundi umeme, kwenye pikapu ileile ya vioo, wakiwa na kamba. Dada alikuwa ameegemea mlango, mikono kifuani.

"Leo siku gani?" akauliza.

"Jumatano, mama," akasema fundi umeme.

"Ahaa. Nilidhani kalenda yangu ndiyo mbovu."

Fundi umeme akajificha chini ya boneti. Dada akamgeukia mdogo wake, na sauti ikashuka, na iliposhuka ndipo iliponichoma hata mimi niliyekuwa pembeni.

"Leo ni mama wa kupimwa tu, mdogo wangu. Angekuwa wa kujifungua je? Ningemwambia abane, gari la mdogo wangu limelala?"

Hakungoja jibu. Aliweka mkoba begani akapanda kilima kwa miguu, haraka, bila kugeuka.

Fundi umeme alikagua nyaya zote, hakuona kosa. Alisema hakuna kilichoharibika, betri imekamuliwa tu, na kwa maoni yake dada mtu angeweza kukamua maji kwenye tofali. Akalifunga gari kwa kamba, akaingia kwenye pikapu. Usingizi akakaa kwenye usukani wa gari lililokufa, akavua viatu kama kawaida yake, mimi pembeni. Kamba ilikuwa fupi na kijana hana upole. Kila alipobadilisha gia tulivutwa shingo, na kioo cha dirisha la nyuma, ambacho hakikuwa kimekazwa vizuri, kilianza kugongagonga kwenye fremu yake.

Usingizi akainua kidole.

"Unasikia?" akasema. "Kioo kinaongea."

Nikasema ndiyo, kinagonga. Akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, lile tabasamu halikuwepo.

Akanisimulia huku tunavutwa. Baba yake alikuwa fundi vioo. Yeye ndiye aliyemwendeshea pikapu tangu alipopata urefu wa kuona mbele, vioo vimesimama nyuma kwenye chanja ya mbao, vimevikwa mablanketi kama wagonjwa. Mzee hakuwahi kumgombeza. Gari likiruka kidogo, breki ikiuma, mzee alikuwa anasema maneno mawili tu: kioo kinaongea. Basi binti akajifunza kuendesha kwa namna ambayo nyuma hakuna anayeongea. Kuinua mguu mapema. Kuiona taa ikiwa bado mtaa wa pili. Kupanda kilima kama anayebeba kitu kisicho chake. Baba akafariki, vioo vikaendelea, na mguu ukabaki na adabu hiyo hata siku ambazo nyuma hakuna kitu. Gari la umeme linaupenda mguu wa namna hiyo. Ukiliacha liteleze badala ya kulikaba breki, linarudisha umeme kidogo kwenye betri yake lenyewe, na kidogo hicho kila taa na kila mteremko ndicho kilichojaza ile wiki.

"Nilidhani watu wote wanaendesha hivi," akasema. "Na mhandisi alinichagua kwa sababu sijui kitu."

Karakana tulimkuta mchoraji juu ya ngazi. Alikuwa amemaliza neno la kwanza, WIKI, jekundu, bado linang'aa. Mhandisi alikimbilia gari na waya zake, na fundi umeme akampa habari kwa namna iliyowafaa wote: gari zima, mama yule ndiye mkatili. Mhandisi akapumua. Akasema basi wataandaa maelekezo kwa wanunuzi, jinsi ya kuinua mguu, jinsi ya kuteleza. Watu watazoea.

Usingizi angeweza kunyamaza pale. Kazi ingebaki yake, na asubuhi, na vivuli vya nguo, na mzee kwenye kiti cha nyuma. Nilimwona akiangalia kile kiti.

"Bwana mhandisi," akasema, "ulitafuta mtu wa kawaida. Umekosea, na mimi nimekosea pamoja nawe. Nimebeba vioo maisha yangu yote. Hiyo wiki ni yangu na baba yangu. Dada yangu hana."

Mhandisi akasema dada anaweza kufundishwa.

"Mkunga anayewahi mtu hafundishiki. Wala asifundishike. Gari ndilo limzoee yeye." Akatoa ufunguo mfukoni. "Mpe huu. Yeye ndiye wa kawaida."

Akatoa viatu vyake chini ya kiti, akavivaa pale pale sakafuni, taratibu, kimoja kimoja, na akaenda zake na pikapu. Mhandisi alibaki amesimama na ufunguo mkononi, mabega yamepinda zaidi ya siku zote. Baadaye akatoka nje akamwambia mchoraji ashuke. Neno WIKI lilibaki peke yake ukutani msimu mzima, na wapita njia walikuwa wakiuliza wiki ya nini. Fundi umeme alikuwa akiwajibu kwamba gari tumeshalibatiza upya, sasa linaitwa Jumatano.

Jumatano aliteseka sana mikononi mwa dada. Kila siku ya kazi yake ikawa jaribio: breki, makelele, mkoba sakafuni, kilima. Ikabidi betri iongezwe, nayo ikameza nusu ya sehemu ya mizigo. Ikabidi breki yenyewe ifundishwe kurudisha umeme, hata ikikanyagwa kwa hasira. Hakukuwa na ndoto ndani ya gari tena. Lakini lilikuwa linapanda kilima na kushuka, na siku moja dada alimwahi mama wa kujifungua, akarudi nyumbani akanywa chai amekaa. Nilishangaa kumwona amekaa.

Siku hizo Usingizi alikuwa akikata vioo kwenye duka la baba yake. Hakulalamika. Nikimtembelea, alikuwa akiniuliza kwanza habari za gari, kisha za dada.

Kisha mhandisi akaja dukani mwenyewe, akainama mlangoni ingawa mlango ulikuwa mrefu. Alisema wamebadilisha springi, dada analalamika kwamba chupa zake zinatikisika mkobani, na vyombo vyao vya kupimia havioni kosa. Alitaka kioo kimoja cha dirisha. Na alitaka, kama haitakuwa usumbufu, mtu wa kukisikiliza.

Nilipanda nao asubuhi moja kabla sijahama mji ule. Dada kwenye usukani, mimi pembeni nimeshika dashibodi. Usingizi kiti cha nyuma, hana viatu, kioo kikubwa kwenye fremu iliyolegezwa makusudi kimesimama juu ya mapaja yake. Mji mzima ulikuwa unapita ndani yake, nguo zilizoanikwa na mbingu na ukuta wenye neno WIKI, na nyuma ya hivyo vyote uso wake, macho wazi, yametulia. Sokoni kioo kiligonga kidogo. Shuleni kikagonga zaidi. Tulipofika mteremko wa kilima dada akauliza bila kugeuka:

"Kinasemaje hicho?"

"Kinasema upunguze, dada."

"Kiambie nina mtu ananisubiri," akasema dada, akakanyaga.

Usingizi akakikumbatia kioo, akainamisha sikio, akaendelea kusikiliza. Tabasamu lake lilikuwa limerudi.