Kiambatisho cha Mume Wangu

Makala yangu kuhusu ukungu na mvua za Usambara ilikuwa karibu kukamilika nilipokwama kwenye hesabu. Mume wangu, mwalimu wa hisabati katika sekondari moja hapa Lushoto, aliichukua, akawa anakaa nayo jikoni kila jioni, hatimaye akaniletea kurasa chache zilizothibitisha nilichokuwa nakisia tu.

Nilitaka jina lake liwe kando ya langu. Akakataa.

"Ukungu sikuupima mimi," alisema. "Niweke mwishoni kama mgeni, ila useme nimeandika mimi."

Ndivyo nilivyofanya. Chini ya jina langu pakaandikwa kwamba kiambatisho ni kazi yake.

Alifariki kabla makala haijatoka. Ilikuwa presha. Tulimzika kwao Mtae, watoto wakarudi makazini kwao mijini, nami nikarudi Lushoto kwenye nyumba ambamo hamkuwa tena na wa kunijibu Kishambaa.

Watafiti wengine walipoanza kuitumia makala, nilikuwa namtafuta kwenye marejeo yao. Wengi walichukua uthibitisho wake wakataja jina langu tu. Nilimwandikia mmoja wao, wa chuo cha mbali, nikamweleza. Alijibu kwa adabu kwamba mfumo wao unaonyesha mwandishi mmoja tu, na kwamba hakuna tofauti kwa kuwa makala ni ileile. Nilienda sokoni nikanunua kabichi nisiyoihitaji, ili nisalimiane na watu.

Mwaka jana, wakati wa baridi, alinipigia msichana mmoja, mwanafunzi wa uzamili. Aliniamkia, akasema namba yangu amepewa na idara yangu, na kwamba kuna hatua kwenye kiambatisho inamshinda.

"Kama si usumbufu, mama, naomba kuongea na mwalimu aliyekiandika."

Nilikaa chini. Tangu msiba hakuna aliyemuulizia kama mtu anayeweza kuitwa aje kwenye simu. Nilimwambia amefariki. Akanipa pole, akataka kuaga. Nikamwomba asikate. Nikafungua kurasa zile, tukaifuata ile hatua pamoja, na nilipokwama nilijaribu kukumbuka alivyonieleza pale jikoni. Ilituchukua muda mrefu, lakini tulivuka.

Ndipo akauliza amtajeje.

"Anza na jina lake," nikasema. "Kisha eleza kuwa ni kiambatisho ndani ya makala yangu. Mimi nifuate nyuma."

Alilisoma jina lake lote polepole, nimhakikishie herufi. Nikamwomba arudie, nikasingizia mtandao.

Tasnifu yake ilipokamilika alinitumia. Nilikwenda moja kwa moja kwenye marejeo. Yalikuwa yamepangwa kwa alfabeti, hivyo mume wangu alikuwa ukurasa mwingine, mbali na mimi, katikati ya watu ambao hakuwahi kuwafahamu. Nilimtazama pale kwa muda, kisha nikainuka kwenda kuwasha moto.