Saa Yangu Ilimwambia Shemeji Soda Haimdhuru

Leo ni Jumapili, tarehe kumi na nne. Nimetimiza miaka miwili na miezi mitano tangu niondoke nyumbani Kibondo kuja Tunduma kutafuta maisha. Admin, jina langu lifiche, na la kijiji pia. Nina miaka thelathini na nne, mke na watoto wawili, shule niliishia darasa la sita. Kazi yangu ni kupakia na kushusha magunia kwenye malori karibu na mpaka. Mwili umechoka, lakini kinachoninyima amani si mgongo.

Nilikuja huku na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, amenizidi miaka kumi. Madereva wa Zambia waliposikia namwita shemeji, wao wakamwita Mulamu, maana kwao ndiyo shemeji, na jina likamganda. Mulamu ana ugonjwa wa sukari. Siku tunaondoka mama mkwe alinishika mikono yote miwili akasema, "Mwanangu, huyu hajui kujikataza. Wewe ndiye macho yangu huko." Nikaitikia.

Kwenye kikundi chetu tuna desturi. Lori likijaa, mwenye mzigo analeta kreti la soda, kila mtu na yake, tunakunywa tumekaa juu ya maturubai. Usipokunywa, wenzako wanaona unajitenga. Mwanzoni Mulamu alikuwa anaomba maji. Walimtania kwamba ameokoka, soda kwake ni pombe. Alicheka nao, lakini niliona anavyozitazama zile chupa.

Mwaka jana nikanunua saa kwa machinga, hizi za kioo zinazohesabu hatua na kalori. Aliyeniuzia alinieleza kwamba kalori ni nguvu ya chakula, na saa inakuonyesha umechoma kiasi gani. Nilimvalisha Mulamu tukapakia lori zima. Ikasoma mia tisa. Mwenzetu mmoja akasoma lebo ya soda, akakuta kalori mia na arobaini. Hapo nikajifanya mtaalamu. Nikamwambia, "Shemeji, umechoma mia tisa. Soda ni mia na arobaini. Hata ukinywa tatu, bado mwili unakudai."

Akanywa amefumba macho, kama mtu aliyesamehewa.

Kuanzia siku hiyo nikawa Daktari. Lori likijaa, watu wananyoosha mikono niwapime. Kiongozi wetu, ambaye habebi bali hupiga kelele tu, nilimwambia yeye amechoma sauti. Tulicheka sana. Niseme ukweli, nililipenda lile jina. Mtu wa darasa la sita kuitwa Daktari si jambo dogo. Nikazidi. Mulamu aliponiuliza kuhusu vidonge vyake vya jioni, nikamwambia siku ya malori mawili aviruke, sukari yote imeshaungua. Nesi wa zahanati alikuwa amemwonya kwamba kazi nzito haifuti soda wala haishiki nafasi ya dawa. Nikasema huyo nesi hajawahi kubeba gunia.

Halafu kuna siku tulikwenda Igamba kuchukua mahindi. Lori tupu, njia mbovu, nimekaa nyuma natafuna muwa, mkono wenye saa umeshika chuma. Tulipofika nikaangalia: mia sita na kitu. Sikuwa nimebeba hata debe. Nikaelewa palepale kwamba ile saa inahesabu mtikisiko wa mkono, kisha inakisia. Mulamu alikuwa pembeni yangu. Akauliza, "Inasemaje?" Nikashusha mkono wa shati, nikasema imeisha chaji.

Jioni lori likajaa, kreti likaja. Mulamu akanitazama kwanza, anasubiri ruhusa. Nikamwitikia kwa kichwa anywe.

Hiyo ndiyo dhambi yangu. Kabla ya pale nilikuwa sijui. Siku ile nilijua, nikanyamaza ili niendelee kuitwa Daktari.

Miezi mitatu baadaye kiatu kilimchubua mguu wa kushoto. Kidonda hakikupona, kikaanza kunuka. Hospitali walikuta sukari imepanda mno, wakamkata vidole viwili. Daktari wa kweli akauliza mbele yangu nani alimwambia aruke dawa. Mulamu akasema, "Ni uzembe wangu." Hakunitazama. Sijui alinificha, au anaamini hivyo kweli. Nilipomuuliza nesi wa wodini kuhusu saa, alisema hata mtu akilala mwili wake unachoma, na hizo saa nyingi hukisia zaidi ya kilichoungua. Tena hata zingekuwa sahihi, sukari ya mgonjwa inapimwa kwenye damu, si kwa saa ya mkononi.

Mulamu amerudi Kibondo. Huko anamsimulia kila mtu jinsi nilivyombeba mgongoni kwenda kusafishwa kidonda. Ni kweli nilimbeba. Mama mkwe alinipigia kunishukuru, akasema amenitengea jogoo. Mke wangu anajisifia kwa wenzake kwamba ameolewa na mtu.

Juzi Mulamu alinipigia mwenyewe. Anataka kuanza kulima kidogo kidogo. Akasema, "Ukija njoo na ile saa. Huku wananikataza soda kama mtoto, nataka niwaonyeshe ninavyochoma." Akacheka, nikacheka naye. Alipokata, nilibaki na simu sikioni.

Msiniambie niivunje saa ninyamaze. Nimeshalifikiria hilo, lakini atatafuta nyingine, kwa sababu anayoiamini si saa, ni mimi. Nishaurini basi, nimwambie yeye peke yake, au mbele ya mama yake aliyenikabidhi? Na mke wangu ajue kabla au baada? Kama kuna aliyewahi kupeleka neno la namna hii ukweni, anieleze alianzaje.

Napanda basi Alhamisi. Jumamosi, Mungu akipenda, nitakuwa mlangoni kwao, na najua Mulamu atakachoniuliza hata kabla sijaweka begi chini.