Kitambaa Juu ya Kompyuta

Ukishuka mjini Salama na kuuliza ni wapi mtu anaweza kuandikiwa wasifu wa marehemu wake, hutaelekezwa dukani. Utaambiwa uvuke barabara kuu, upite maduka ya vipuri vya malori, kisha uulizie nyumba ya Mama Gakenia. Sebuleni kwake kuna meza, juu ya meza kuna kompyuta, na mbele ya kompyuta yuko mwenyewe, Wacuka kwa jina lake, miwani yake imefungwa kamba nyuma ya shingo, anangoja umalize kulia ndipo akuulize tarehe ya kuzaliwa.

Wacuka na mumewe Muturi walitoka Murang'a mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na saba. Muturi alikuja kuuza vipuri, naye Wacuka akapata kazi ya ukarani katika shule ya upili. Kikamba alijifunzia sokoni, akikosea na kuchekwa, hadi siku moja akagundua kwamba hachekwi tena. Alipostaafu, alinunua kompyuta kutoka kwa Haroun, fundi mwenye kibanda Kitui mjini, na tangu hapo watu wa Salama, Matiliku na hata Kalamba humletea picha za wapendwa wao. Yeye huingiza picha kwenye mashine, huchapa wasifu, kisha huirudisha picha ndani ya bahasha.

Kila kazi huiandika kwenye daftari lenye jalada gumu. Faili 188: Nzomo wa Kalamba. Picha moja, ameegemea baiskeli. Imerudishwa kwa mwanawe, Jumanne. Muturi humtania kwamba siku ya kiama malaika watakuja kuazima lile daftari.

Sasa, katika nyumba nyingi za Salama kitu cha thamani hakiachwi uchi. Viti vina vitambaa vya kufuma, televisheni ina chake, hata chupa ya chai ina kofia ya uzi. Vumbi la barabara halina adabu. Kwa hiyo kompyuta ya Wacuka nayo ilivalishwa. Seti yake ya vitambaa ilifumwa na Syombua wa Matiliku, mke wa Mzee Mbithi, kuwa shukrani baada ya Wacuka kuandika wasifu wa mama yake. Kulikuwa na kitambaa kikubwa cheupe chenye ukingo wa kijani, kizito, cha kufunika kasha la kompyuta mpaka chini pande zote. Kulikuwa na cha skrini. Halafu kulikuwa na kidogo sana, cha ukubwa wa kiganja, ambacho Syombua alikifuma kwa ajili ya kipanya, akisema nacho kisihisi baridi. Wacuka alivifua kila Jumamosi asubuhi, akavipiga wanga na pasi, na kuvirudisha jioni.

Syombua alifariki mwaka wa elfu mbili ishirini na moja. Mbithi alileta picha moja tu. Mkewe ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko lake, anacheka hadi macho yamefumba, sindano ya kufumia mkononi, uzi mapajani. Wacuka akaiingiza kwenye mashine, akairudisha kwenye bahasha, akaandika: Faili 301.

Mwaka huu, mwanzoni mwa Septemba, Mbithi alipiga simu. Watoto wake walikuwa wamemjengea nyumba mpya, na Jumamosi ya tarehe ishirini na nane wangeifanyia maombi. Alikuwa amefungua sanduku kutoa picha ya mkewe aitie kwenye fremu, akakuta mchwa wamekula hata bahasha. Programu ya mazishi alikuwa nayo, lakini ilitolewa kopi nyeusi, na uso wa Syombua ulionekana kama umepakwa masizi.

"Mama Gakenia, siwezi kuhamia nyumba mpya peke yangu," alisema.

"Mzee, usijali," Wacuka akamjibu. "Picha hiyo iko kwangu. Haiwezi kupotea. Njoo Ijumaa, siku moja kabla ya maombi, uichukue."

Aliyasema hayo kwa moyo mweupe. Siku iyo hiyo kompyuta ikaanza kugonga.

Haukuwa mlio mkubwa. Tk, tk, tk, kama mtu anayegonga kucha juu ya bati, kisha kimya, kisha tena. Kwa kuwa Wacuka ni Wacuka, alifungua ukurasa mpya wa daftari na kuanza kuandika saa. Siku zilivyozidi, mashine ikawa inachukua dakika kumi kufungua barua moja. Jumanne ya wiki ya maombi ikagoma kabisa. Skrini ikageuka samawati, ikaandika maneno ya Kizungu ya kuomba radhi.

Muturi alikuwa amekuja kunywa chai. "Piga kofi kwa juu," akashauri. "Ile televisheni ya kwanza tuliipiga makofi miaka sita."

"Muturi, ukiigusa hii kitu tutaachana uzeeni."

"Basi mimi nimenyamaza. Mwite mganga wake."

Wacuka akampigia Haroun.

"Haroun, ile mashine yako inagonga."

"Leo ni yangu? Siku ikifanya kazi vizuri huwa ni yako."

"Leo ni yako."

"Haya. Nisikilizishe."

Wacuka akaiwasha tena na kuiweka simu karibu na kasha. Tk, tk, tk.

"Izime, Mama Gakenia. Izime sasa hivi. Imegonga tangu lini?"

"Tangu tarehe nne, Jumatano, saa nne na dakika kumi asubuhi."

Haroun akacheka. "Wateja wangu wote huniambia 'juzi juzi tu'. Umeandika? Nisomee."

Wacuka akavaa miwani. "Jumatano, ilianza kugonga baada ya kuwaka dakika hamsini. Alhamisi, dakika arobaini na tano. Ijumaa, arobaini. Jumamosi, haikugonga. Jumapili sikuiwasha. Jumatatu, thelathini na tano..."

"Ngoja. Jumamosi uliiwasha?"

"Kutwa nzima. Nilikuwa na kazi ya harusi."

"Na Jumamosi iliyofuata?"

Kidole cha Wacuka kikashuka kwenye mistari. "Haikugonga."

"Na Jumamosi hii iliyopita?"

Kidole kikasimama. "Haikugonga."

"Basi hiyo mashine ni Msabato," Haroun akasema. "Jumamosi unafanya nini ambacho siku nyingine hufanyi?"

"Hakuna. Nafua tu."

"Unafua kompyuta?"

"Wewe nawe! Nafua vitambaa vyake."

Haroun akaacha mzaha.

"Mama Gakenia. Vitambaa gani?"

Akamweleza. Kikubwa, cheupe, kizito, hadi chini pande zote. Alipokuwa akieleza, aliweka kiganja chake juu ya kasha, juu ya kitambaa, akakuta pana joto kama mgongo wa mtoto mwenye homa.

"Lile kasha lina matundu ya kupumulia," Haroun akasema, sasa kwa upole. "Umelifunika blanketi, hapo Salama, kwenye joto la Septemba. Ndani kuna diski inazunguka siku nzima kwenye joto hilo. Kitambaa hakikuiua peke yake, umri nao umechangia, lakini kimeiharakisha."

"Itapona?"

"Ikishaanza kugonga haiponi. Tunachoweza ni kutoa vitu kabla haijanyamaza. Vitu vyako vimewekwa mahali pengine?"

Wacuka aliliangalia daftari. Faili mia nne na kumi na mbili, kila moja na tarehe yake, jina lake, jinsi mtu alivyokaa kwenye picha. Aliandika kila kitu, na hakuna siku aliyofikiri kwamba orodha ya vitu si vitu vyenyewe.

"Nimeviorodhesha," akasema.

Haroun hakumcheka. Alimwambia anunue flashi nzuri ya kuhifadhia, si ile ya bei ya kutupwa. Aiache mashine ikiwa imezimwa hadi Alhamisi alfajiri, jua halijatoka, iwe imepoa kabisa. Aishushe sakafuni, maana meza inatikiswa na malori. Aondoe ubavu wa kasha na kuelekeza feni pale.

"Na usifungue picha kuitazama. Nakili tu. Usianze na kitu kikubwa. Anza na kile ambacho ukikikosa hutapata usingizi."

Jumatano Wacuka alikaa na kalamu. Juu kabisa aliandika: Baba. Hiyo ilikuwa video ya baba yake, Mzee Ngure, siku aliyotimiza miaka tisini, akiwasimulia wajukuu jinsi alivyomposa nyanya yao. Dakika sita. Ngure sasa hayupo. Video ilikuwa nzito, lakini ni babake.

Chini yake akaandika: Syombua, 301. Akakaa akiitazama karatasi hadi chai ikatanda utando. Watoto wa Ngure walikuwa saba, na kila mmoja alikuwa na kitu cha baba yao, koti, fimbo, kigoda. Mbithi alikuwa na programu yenye masizi, na neno la Wacuka kwamba haiwezi kupotea. Akakata mistari yote miwili. Akaandika upya, Syombua kwanza, Baba mwisho.

Alhamisi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kasha lilikuwa sakafuni juu ya gunia lililokunjwa. Muturi alikuwa amepiga magoti na shati la ndani, ameshikilia feni kwa mikono miwili kama mtu anayeshikilia kuku wa kuchinjwa.

"Nisipumue?" akauliza.

"Pumua kando."

Mashine ikawaka. Wacuka hakuhitaji kutafuta. Daftari lilimwambia folda gani, tarehe gani. Akaibonyeza 301, akaipeleka kwenye flashi. Mstari wa kijani unaoonyesha kunakili ukatembea hadi katikati, ukasimama. Tk, tk, tk. Lori likapita nje, madirisha yakalia. Mstari ukasogea kidogo, ukasimama tena. Wacuka alijikuta akiomba kwa Kikuyu, na alipoishiwa na maneno akaendelea kwa Kikamba. Baada ya dakika nne mstari ukafika mwisho.

Baada ya hapo alikwenda kwa utaratibu wake. Wasifu zote, kwa kuwa ni maandishi na ni nyepesi. Picha za Kalamba. Picha za Matiliku. Mahafali ya mtoto wake Gakenia. Mlio ulikuja na kuondoka. Jua lilipoanza kugusa pazia, akafika kwa Baba. Mstari wa kijani ukatembea theluthi moja, kisha kasha likatoa mlio mmoja mrefu, kama kijiko kinachokwaruza sufuria, likanyamaza.

Muturi aliendelea kushikilia feni.

"Zima," Wacuka akamwambia. Akaandika: Saa moja na dakika kumi na nane. Imenyamaza. Kisha akafungua daftari la mwaka ule Ngure alipotimiza miaka tisini, akakuta maneno ya baba yake yote, aliyoyaandika siku ileile kwa kalamu, pamoja na pale alipokohoa. Sauti ndiyo iliyokuwa imekwenda. Muturi aliweka feni chini, akamletea chai.

Mchana walipeleka flashi kwa jirani mwenye printa ya rangi. Picha ya Syombua ikatoka. Nywele, macho yaliyofumba, kicheko chote, mabega. Kutoka kifuani kwenda chini hakukuwa na kitu ila rangi ya kijivu, sawa kama ukuta uliopakwa. Diski ilikuwa imetoa nusu ikabaki na nusu.

Ijumaa Mbithi alifika na fremu imefungwa kwa gazeti. Wacuka hakungoja amalize kusalimia.

"Mzee, nilikwambia haiwezi kupotea. Imepotea nusu. Na ni mimi niliyeiharibu." Akamweleza yote, joto, matundu, kitambaa. Akamwekea picha mezani.

Mbithi aliishika mbali, halafu karibu.

"Mikono yake imeenda wapi?"

"Imebaki kwenye ile mashine. Haroun anasema haitoki tena."

Mzee akageuka kukitazama kile kitambaa kikubwa, kilichokunjwa juu ya kiti. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Wacuka akadhani analia.

"Woi, Syombua!" Mbithi alikuwa anacheka. "Mwaitu, mama yangu, unajua alifunika hata redio yangu? Nasikiliza habari, mtangazaji anaongea kama mtu aliyeingia chini ya blanketi. Nikitoa kitambaa ananiuliza, unataka ikohoe? Usijilaumu. Ungekitoa angekuja mwenyewe kukirudisha."

"Lakini ulitaka picha nzima."

"Nilitaka anayecheka. Si huyu?" Akapitisha kidole kwenye ile sehemu ya kijivu. "Ila hapa pabaya. Maombi yatakuwa na wageni, wataniuliza."

Wacuka alifikiri kidogo. Kisha akaenda mezani, akakichukua kile kitambaa kidogo cha kipanya, cha ukubwa wa kiganja, cheupe chenye ukingo wa kijani. Akafungua fremu kwa nyuma, akaweka picha, akakitandaza kitambaa juu ya kijivu chote, mpaka chini ya mabega ya Syombua, akakirudisha kioo na kufunga. Kilienea kana kwamba kilipimwa.

Mbithi aliiinua fremu kwenye mwanga wa dirisha. Akaifunga tena kwa gazeti, polepole, akiacha pembe moja wazi.

"Nimemwachia mahali pa kupumulia," akasema.

Alipokwisha kuondoka, Wacuka alifungua daftari kwenye ukurasa wa 301. Chini ya maneno ya zamani akaongeza mstari mmoja: Picha nusu, uso umekamilika. Kitambaa kidogo kimeenda na mwenyewe, Ijumaa, saa nane na robo.