Redio Iliyohamia Jikoni

Kwetu juu milimani Uluguru, masika yakishaanza, hakuna kinachokauka. Viatu vya kanisani viliota kuvu uvunguni, chumvi ilifanya maji kwenye kopo, na kiberiti ukikisahau dirishani, asubuhi utachapa njiti mpaka mkono uchoke. Sasa fikiria redio.

Redio yenyewe haikuwa yetu. Ilikuwa ya kijiji, imeletwa miaka ile ya Ujamaa kwa ajili ya masomo ya watu wazima, na baba, kwa kuwa alikuwa balozi wa nyumba kumi, ndiye aliyekabidhiwa. Jioni wanaume walijaa sebuleni kwetu kusikiliza taarifa ya habari. Jiko letu lilikuwa kibanda cha nyuma, kwa hiyo mama aliambulia mngurumo tu, huku akisonga ugali wa wageni hao hao.

Baba aliilea ile redio. Akishaizima aliifuta, akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga kwa kamba, akaivisha kitambaa alichokifuma mama kwa mkono, kisha akaifungia sandukuni. Sisi watoto tulimcheka chinichini, maana hakuna aliyewahi kutufunika sisi namna ile. Alidhani anaikinga na ukungu wa milimani. Kumbe unyevu ulikuwa umeshaingia zamani, naye kila usiku aliufungia humo humo usitoke.

Masika ya mwaka mmoja dada yangu alikuwa akisoma shule ya wasichana kule Kilakala, mjini, na mama hakuwa amemtia machoni tangu shule zifunguliwe. Siku moja shangazi, aliyekuwa akishuka mjini kuuza mboga, alirudi akihema mlangoni.

“Wifi, mwanao ataimba redioni! Nimeonana naye mwenyewe. Kwaya yao imerekodiwa, itasikika Jumapili jioni.”

Mama hakuwahi kuomba chochote kwenye ile redio. Siku hiyo alimwambia baba kwamba Jumapili naye atakaa sebuleni. Baba akasema hilo halina hata mjadala.

Alhamisi redio ikaanza kukwaruza, ikafifia, ikanyamaza. Baba alizianika betri juani, na jua lenyewe halikuwapo. Akaifungua nyuma: vyuma vinavyogusana na betri vilikuwa vimeshika kutu ya kijani, na kioo chenye namba kilikuwa kimetoa jasho kwa ndani. Fundi alikuwa mjini, na mto ulikuwa umefurika. Baba akasema, “Basi tena, mke wangu,” kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Mama aliendelea kuchambua mchicha. Aliuchambua mpaka ukawa hauna tena kitu cha kuchambuliwa, nami roho ikaniuma.

Kesho yake asubuhi niliikuta redio juu ya uchaga, pale kwenye fito juu ya mafiga mama anapokaushia mahindi ya mbegu, imekaa ndani ya ungo, uchi, bila nailoni.

“Unataka kuichoma mali ya kijiji?” baba alifoka.

“Imeshakufa, baba watoto. Utaiua mara ngapi?”

Baba akaguna. Baadaye nilimwona amepanda kigoda, kisu mkononi, anakwangua ile kutu taratibu.

Haikuishi sana baada ya hapo. Masika yaliyofuata yaliimaliza kabisa. Lakini Jumapili ile, baba alipoiwasha pale pale juu ya uchaga, ilizungumza. Kwa furaha akaibeba mbio mpaka sebuleni walikokuwa wakingoja wanaume, na kabla hawajamaliza kumpongeza ikafifia. Akairudisha jikoni, ikapata joto, ikazungumza. Akaitoa tena, ikanyamaza. Ikabidi sasa wazee wazima wapige hodi jikoni kwa mama, wavue kofia, wainame mlango mfupi ule, mmoja akae juu ya kinu, wengine juu ya kuni. Mama aliwakaribisha mmoja mmoja, na kigoda chake akampa baba, ambaye sijui kama aliwahi kukaa humo ndani zaidi ya kuomba kaa la kuwashia sigara.

Kisha wasichana wakaimba. Sauti zilikuwa nyingi, zimechanganyika na mikwaruzo, mimi sikuweza kumtambua dada. Mama alisimama chini ya uchaga, mwiko mkononi, uso ameuinua kwenye ule moshi, na hakuna aliyethubutu kukohoa mpaka wimbo ulipokwisha.

“Unalia?” baba akamwuliza polepole.

“Moshi,” mama akasema.

Baba naye alikuwa akijifuta macho. Yeye nilimwamini, maana hakuuzoea. Lakini mama nilikaa naye jikoni miaka yote ya utoto wangu, kuni mbichi, kuni kavu, na sikuwahi kuona moshi ukimtoa chozi.